Nyumba Aliyoichoma Zunilda

Ukija kwetu leo ukauliza njia ya kupanda mlimani, utaambiwa, "Fuata mto mpaka kwa yule mama aliyechoma nyumba yake, kisha shika kulia." Jina hawatakutajia. Analo jina, anaitwa Zunilda Cumilef, na nyumba aliichoma mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu. Hao wanaosema alikuwa amerukwa na akili waache uongo wao. Nusu yao walikuwepo siku ile, na kuni za kuwashia walizibeba wao.

Zunilda alizaliwa huku huku kwenye milima ya pwani, ndani ya msitu usiokauka mwaka mzima. Baba yake, Segundo, alikuwa mpasuaji wa vigae vya mbao. Kazi hiyo inakupeleka juu kabisa, kwenye miti mikubwa ya alerse, unakaa huko majuma na majuma ukipasua magogo kwa shoka mpaka yanakuwa vipande vyembamba vya kuezekea paa na kuvika kuta, kisha unavishusha kwa sileji, mkokoteni usio na magurudumu unaoburutwa na ng'ombe. Wapasuaji wengine waliacha watoto kwa wake zao. Mke wa Segundo alikuwa amefariki kwa uzazi, kwa hiyo yeye alimfunga bintiye mgongoni akapanda naye. Mtoto akakulia kwenye kibanda cha magome, akila viazi vya kuchoma majivuni na unga wa ngano iliyokaangwa, uliokorogwa kwa maji ya mto.

Huko ndiko alikomjua kolokolo.

Watu wa chini wanamjua kolokolo kwa kuogopa. Zunilda alimjua kwa macho yake. Ni kanyama kadogo, kanaenea kwenye kiganja cha mtoto, kijivu mgongoni, macho meusi makubwa yaliyozungukwa na wanja, na vidole vinavyoshika tawi kama vya mtu. Mchana humwoni. Giza likiingia anatoka, anakamata nondo na mbawakawa, na kiangazi anakula matunda ya kile kimelea cha maua mekundu kinachoota juu ya matawi ya miti mingine. Akishakula anaziacha mbegu zikining'inia matawini kwa gundi ya tunda, na zikishika hapo kinaota kimelea kipya. Jike ana mfuko tumboni. Watoto wakishakuwa wakubwa, mfuko hauwatoshi tena, wanampanda mgongoni, naye anatembea nao hivyo hivyo, ukoo mzima umemkalia. Zunilda alipowaona mara ya kwanza alicheka mpaka baba yake akamziba mdomo, asije akamwangusha mama wa watu.

Majani yakianza kupukutika kolokolo anakula kama hana kesho. Mafuta yote anayaweka kwenye mkia, unavimba shinani kama kidole gumba. Kisha anajenga kiota cha majani ya mwanzi, ndani anatandika kuvumwani, ile ya kijani inayoota kwenye magome, na humo wanajikunja wawili watatu, wanalala mpaka baridi ipite. Siku moja Zunilda alikuta kiota kama hicho ndani ya gogo, akawagusa, akaangua kilio.

"Baba! Wamekufa wote! Wamekuwa baridi!"

"Hawajafa, acha kelele zako," Segundo akasema. "Shika mmoja. Mfumbate. Usimbane, wewe! Ngoja sasa."

Akangoja. Kile kidonge cha baridi kikaanza kutetemeka, kikavuta pumzi moja, kikakaa, kikavuta nyingine, na mwisho macho yakafunguka yakamtazama.

"Umeona? Baridi si kufa," baba akasema. "Lakini nisikilize vizuri. Leo nimekuruhusu kwa sababu majira bado machanga, bado atapata wadudu. Baridi ikishakaza usimguse kabisa. Ukimwamsha katikati anaamka na njaa, nje hakuna nondo wala tunda, anachoma mafuta yake yote kwa siku chache. Akirudi kulala haamki tena. Na hapo umemuua wewe, hata kama ulimfunika blanketi."

Zunilda alikuwa msichana mkubwa aliposhuka kuishi na watu, na huko chini ndiko alikosikia maneno mengine. Kolokolo, walimwambia, akiingia nyumbani anajificha darini, na watu wakilala anashuka kulamba mate ya mmoja wao. Aliyelambwa anakauka. Anakohoa, anakonda, mwisho anazikwa, na kolokolo anahamia kwa mwingine. Dawa ni moja tu, kuichoma nyumba pamoja naye. Tena na mto, na blanketi, na kikombe, kila kitu kilichoguswa na mate ya wenye nyumba, vyote viungue, maana hivyo ndivyo anavyovinusa na kuvifuata.

"Kolokolo alambe mate?" Zunilda akauliza. "Mbona yule anakula nondo?"

"Ala! Mlelewa na magogo amekuja kutufundisha," akasema Eduvina, na wanawake wote wakacheka.

Huyo Eduvina ndiye aliyekuja kuwa wifi yake. Kaka yake, Belarmino Rupailaf, naye mpasuaji wa vigae, alimpenda yule mlelewa na magogo, akamwoa. Wifi hakufurahi, wala hakuficha. Lakini Zunilda alikuwa na uso wa kucheka na mikono isiyochoka, akisokota sufu nyuzi zake hazikatiki, na polepole wale wawili wakazoeana kwa kutaniana. Eduvina akipita anapaza sauti, "Hodi! Nyani wa mlimani yupo?" na Zunilda anajibu, "Yupo, anakungoja umchune chawa!"

Belarmino alimjengea nyumba. Kwanza alimjengea maneno, kama wanaume wote, kisha akajenga kweli. Kila alipopanda kupasua vigae vya kuuza alitenga vile bora, visivyo na fundo wala ufa, akavificha kwa ajili yake. Ilichukua miaka. Siku ya kusimamisha nguzo watu wa bonde zima walikuja, kama ilivyo desturi. Wakafanya kazi, wakala kondoo, wakanywa pombe ya tufaha mpaka seremala mmoja akalala juu ya paa. Ilipokwisha haikuwa kubwa, lakini mvua ya kwetu, ile inayokuja kwa ubavu na kukufuata hadi kitandani, haikupata pa kuingilia. Ndani mlikuwa na jiko la chuma na bomba la kutolea moshi, na juu dari kavu ya kuwekea sufu. Zunilda alikuwa akipapasa kuta zile kwa kiganja akipita, bila hata kujua anafanya hivyo.

Mimba zilikuwa zikimtoka. Walikuwa wameshakata tamaa alipozaliwa Ermelina. Na Ermelina alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema "tata", yaani baba, pale gogo lilipomwangukia Belarmino huko juu. Wakamshusha kwenye sileji yake mwenyewe, ile ya vigae. Tangu siku hiyo Zunilda akabaki na vitu viwili duniani, mtoto na nyumba.

Mtoto alikua na ulimi mwepesi na kifua kibovu. Kila baridi kilimkamata, na mwaka ule wa moto kilimkamata hata kabla baridi haijafika. Zunilda akambeba hadi zahanati ya mjini, mwendo wa kutwa. Nesi akamsikiliza mtoto mgongoni, akakunja uso.

"Mnaishi nyumba gani, mama?"

"Ya alerse. Haivuji hata tone."

"Moshi?"

"Unatoka kwa bomba."

"Basi Mungu amekupendelea. Mpe maziwa, mpe mayai, mpe na dawa hii. Lakini usikie ninachokwambia: unyevu na moshi ndivyo vitakavyommaliza huyu. Mweke pakavu, penye joto, asitoke mpaka baridi iishe. Nyumba yako ndiyo dawa yake ya kwanza."

Zunilda alirudi na maneno hayo kifuani. Mtoto hakutoka nje. Alikaa karibu na jiko, anachambua sufu, anasimulia hadithi zisizo na mwisho, na alipochoka kukaa alipanda ngazi kwenda darini kucheza juu ya marobota ya sufu. Siku moja akashuka taratibu, mkono mmoja ameufumba.

"Mama, nimepata kitu. Kimekufa lakini kizuri."

Akafumbua. Zunilda alimwona kolokolo yule amejikunja, mkia umenona, na kwanza alimkumbuka baba yake, akacheka. Hofu ilikuja baadaye, na alipoijua kuwa ni hofu alijikasirikia.

"Hajafa. Mfumbate uone."

Basi mama na mwana wakakaa mbele ya jiko, wameinamisha vichwa, wakamngoja. Alipofungua macho Ermelina alicheka, akacheka tena, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kicheko hakikugeuka kikohozi. Zunilda akamweleza yote aliyoelezwa na Segundo: mfuko wa tumboni, watoto mgongoni, mbegu za kimelea, na kwamba baridi ikikaza haguswi. Kisha wakamrudisha kwenye kiota chake, pembeni ya bomba, nyuma ya marobota.

"Shangazi asijue," Zunilda akasema.

"Kwani shangazi anamwogopa?"

"Shangazi anaogopa kila kitu chenye mkia."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hofu ya Eduvina ilikuwa na sababu. Alikuwa na mtoto wa kiume, Nicanor. Alikohoa, akakonda. Kolokolo alionekana darini kwao, watu wakasema choma, na mume wa Eduvina akasema ng'o, nyumba ya baba yangu siichomi kwa sababu ya panya. Nicanor alizikwa mwaka huo huo. Eduvina hakumsamehe mumewe mpaka naye alipokufa, wala hakujisamehe mwenyewe.

Sasa fikiria siku aliyokuja kunywa kahawa ya ngano kwa wifi yake. Baridi ilikuwa imeanza, lakini jua lilikuwa limetoka mchana kutwa, bomba limewaka, dari imepata joto kiasi cha kumdanganya aliyelala. Jioni, taa haijawashwa, kolokolo akapita juu ya boriti, mbio mbio, mkia unamfuata. Kikombe kikamtoka Eduvina mkononi.

"Zunilda! Zunilda, umeona?"

"Panya huyo."

"Panya! Unanidanganya mimi? Mimi nisimjue yule?" Akamtazama Ermelina aliyekuwa amejifunika hadi kidevuni, midomo imekauka kwa homa. "Yesu wangu. Na mtoto amefikia hapa, nawe umenyamaza!"

"Wifi, nesi amesema ni kifua."

"Hata kwangu walisema kifua! Kifua kilianzaje, nesi alikwambia? Mimi sikuchoma, Zunilda. Unakumbuka nilichozika. Huyu ni damu ya kaka yangu, sina mwingine wa kuniita shangazi. Unataka tufe wote bila mtu wa kutufumba macho?"

"Nikichoma atalala wapi? Baridi hii?"

"Kwangu hapana, kwangu ndiko alikofia Nicanor, mate yake yako kwenye kila ubao. Atalala kwenye banda lako la kuni majuma machache. Majira yakigeuka tutakujengea, bonde zima. Mti bado upo mlimani. Mtoto utamkata kwenye mti gani?"

Zunilda alimtoa nje. Alimsukuma kabisa, wifi yake, akafunga mlango kwa komeo. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Kesho yake wakaja majirani wakasimama uani, mikono nyuma, hawataki kuvuka kizingiti. "Jirani, ni kwa heri yako." "Jirani, hata kwetu kuna watoto." Akawajibu kwa ukali, wakaondoka, wakarudi. Naye usingizi ukamtoka. Akawa anakaa kumtazama mtoto mdomo, kama kuna kitu kimelamba. Yeye, aliyewaona hao wanyama wakila nondo tangu hajaota meno ya ukubwa! Alijua kabisa kwamba ni upuuzi. Hilo ndilo linaloniuma mimi kila nikiikumbuka habari hii. Hakuwa mjinga, alikuwa anaogopa tu, na hofu ya mzazi haiulizi unajua nini.

Asubuhi moja akainua mto wa Ermelina akakuta damu.

Alitoka hivyo hivyo bila viatu, akavuka kijito mpaka kwa Eduvina, akasema, "Njooni mchome."

Walikuja wengi. Eduvina alisimamia kila kitu. Mto, blanketi, vijiko, vikombe, shuka, vyote vilibaki ndani. Jiko la chuma halingeweza kutolewa bila kubomoa bomba, na nani angepoteza muda? Kilichoruhusiwa kutoka ni viazi vilivyo ghalani, shoka la Belarmino, na tenga la sufu mpya, kwa kuwa sufu ile ilikuwa haijasokotwa wala kulaliwa, haijui mdomo wa mtu. Zunilda aliihitaji kwa blanketi jipya la mtoto. Ermelina akasema atalishusha tenga mwenyewe.

"Wewe ulale, utaanguka ngazini."

"Ni sufu tu mama, nyepesi. Niache na mimi nifanye kitu."

Akapanda, akakawia, akashuka na tenga amelikumbatia. Eduvina akainama akalinusa juu, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mtoto alipomgeukia mama yake.

"Na yeye mtamchoma?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Nenda bandani, Ermelina."

Alerse ina mafuta, haihitaji kubembelezwa. Zunilda aliutia mwenge mwenyewe chini ya ukuta wa jikoni, maana desturi inataka mwenye nyumba, na vigae vile vilivyochaguliwa kimoja kimoja vikashika moto kwa ngurumo. Eduvina alipiga magoti matopeni akasali kwa sauti. Watu walikodoa macho kuona kama kuna kitakachokimbia. Hakikukimbia kitu. "Ameungua ndani," wakasema, wakashukuru, wakamkumbatia mama mtu mmoja mmoja. Yeye alisimama amenyoosha kiganja mbele, kama anataka kupapasa ukuta. Jioni mvua ikaja ikazima makaa.

Banda lilikuwa la kuni. Mbao zake zilipishana, sakafu ni udongo, na meko ya mawe matatu yalitoa moshi uliozunguka humo humo ukitafuta pa kutokea. Nesi alisema unyevu na moshi. Zunilda aliziba nyufa kwa magunia, akaziba tena upepo ulipoyang'oa. Alimlaza mtoto juu ya matawi makavu, akamfunika kwa koti lake na mafungu ya sufu aliyoyachota juu ya tenga.

Alipokuwa akimfunika miguu akaona soksi moja tu. Zilikuwa soksi nyekundu, nene, alizomfumia mwenyewe kwa ajili ya baridi ile.

"Ya pili iko wapi?"

"Imeungua."

"Imeunguaje nawe ulikuwa umeivaa?"

Mtoto akafumba macho.

"Ermelina, nakuuliza! Mguu wazi kwa baridi hii, unataka kuniua? Nimebakiwa na nini cha kukuvalisha?" Akamzaba kibao kwenye ule mguu mtupu. Mtoto hakulia. Aliuvuta tu mguu ndani ya sufu, akageukia ukutani. Zunilda akaufunga mguu kwa kitambaa cha kichwa chake, akabaki bila ushungi.

Majirani walileta viazi, walileta maziwa, walisema majira yakigeuka nyumba itasimama. Wakati huo mtoto alikuwa akiyeyuka. Kikohozi kilikuwa hakina nguvu tena, kilikuwa sauti ndogo tu kama mtu anayeomba njia. Adhuhuri moja, mvua inapiga, Eduvina amekwenda kuchota maji, Ermelina akasema, "Mama, miguu yangu haina baridi tena," na Zunilda akafurahi, jamani, alifurahi. Eduvina aliporudi na ndoo mtoto hakuwepo tena.

Zunilda hakukubali. Alimshika mikono yote miwili akaifumbata, akaisogeza motoni, akaipulizia.

"Ngojeni. Amekuwa baridi tu. Baridi si kufa."

"Wifi, mwachie."

"Nimesema ngojeni! Inachukua muda. Mimi najua, ninyi hamjui."

Wanawake walifika, wakasimama kwenye mvua kwa kuwa banda halikuwatosha, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Alifumbata ile mikono mpaka yake ikafa ganzi. Aliposimama hatimaye alisimama mwenyewe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto atahitaji mto ndani ya sanduku, na kwamba ataujaza sufu.

Akaenda kwenye tenga. Akachota, akachota, alipofika chini mkono wake ukagusa kitu kilichofumwa. Akakivuta. Ilikuwa soksi nyekundu, imefungwa fundo mdomoni, na ndani yake kuvumwani kumejazwa vizuri, na ndani ya kuvumwani kolokolo amejikunja, baridi kama jiwe la mtoni.

Eduvina akapiga ukunga. "Hilo! Hilo limemfuata! Litupe motoni, Zunilda, litupe!" Nje wanawake wakarudi nyuma, wengine wakakimbia. Zunilda hakumsikia hata mmoja. Alikuwa ameketi pale pale mbele ya meko, yule mnyama viganjani, anatazama fundo. Lilikuwa fundo la Ermelina, lile la kitanzi kimoja ambalo kila siku alimwambia si fundo hilo, litafunguka.

Akawa hajui anafanya nini. Mikono ilikuwa imezoea kufumbata mchana kutwa, ikafumbata. Na kile kidonge kikatetemeka, kikavuta pumzi moja, kikakaa, kikavuta nyingine. Macho meusi yakafunguka.

Zunilda akamtazama yule aliyeamka, akamtazama aliyelala juu ya matawi.

"Mbona huyu?" akasema. "Mbona huyu, na wewe hapana?"

Hakumtupa motoni, ingawa alitaka. Alimchukia, tangu azaliwe hajawahi kukichukia kiumbe chochote kiasi kile. Lakini soksi ilikuwa ya mtoto, na mtoto alikuwa amekubali kupigwa kuliko kusema. Akamrudisha ndani, akalifunga upya lile fundo baya vile vile lilivyokuwa, akatoka na soksi kwenye mvua mpaka kwenye kisiki kilichooza nyuma ya banda, akaisukuma ndani ya shimo lake. Kisha akarudi akashona mto.

Walimzika Ermelina karibu na baba yake. Baada ya hapo watu waliacha kuja. Habari ya soksi ilizunguka bonde zima, kila mdomo ukaongeza chumvi yake: mama alimficha kolokolo, mtoto alimnyonyesha, sijui nini. Ile ahadi ya kujenga ikafa kimya kimya, maana nani apeleke shoka lake kwa mwanamke ambaye kolokolo anamfuata hata baada ya moto? Zunilda hakuwakumbusha. Alikaa bandani, akala viazi alipokumbuka kula.

Baridi ikapita. Nondo wakarudi, mianzi ikatoa machipukizi. Asubuhi moja Eduvina akavuka kijito, amebeba mayai kwenye aproni. Alikuwa amezeeka ghafla. Alipaza sauti, "Hodi! Nyani wa mlimani yupo?" akasubiri jibu la zamani, halikuja. Akamkuta wifi yake nyuma ya banda, amepiga magoti mbele ya kisiki, soksi nyekundu mapajani.

Kolokolo alikuwa amekauka, mwepesi kuliko jani. Ule mkia uliokuwa mnene kama kidole gumba ulikuwa umebaki ngozi na mfupa, uzi mtupu. Hakuna aliyemla, hakuna aliyemjeruhi. Aliamshwa katikati ya baridi, akachoma alichokuwa nacho, na aliporudi kulala hakikubaki cha kumwamsha.

Eduvina akaweka mayai chini. Alitazama muda mrefu, hofu yote imemtoka, yeye aliyepiga ukunga kwamba litupwe motoni.

"Limekufa na nini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Hukulichoma, wala hukulipiga."

"Nilimpasha moto, wifi," Zunilda akasema. "Basi. Nilimpasha moto tu."